Siku Tatu za Haya

Binti muuzaji wa duka la vitenge alikuja jioni, nikiwa nimeshateremsha nusu ya mlango wa bati. Simu ya duka alikuwa ameifunga ndani ya kipande cha kitenge na kuishika kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba yai.

"Yaya," akaniita, kama tunavyomwita hapa ndugu mkubwa, "WhatsApp ya duka haifunguki."

Nikamuuliza tangu lini. Akatazama vumbi la kizingiti.

"Tangu siku ya posho."

Posho kwetu ni Jumamosi, na siku aliyokuja ilikuwa Jumanne. Jumamosi, Jumapili, Jumatatu: siku tatu nzima akaunti ile ilikuwa mikononi mwa mtu mwingine, na yeye ndiye peke yake aliyejua.

Nilimfahamu. Wiki tano kabla ya hapo aliketi benchi la pili katika ukumbi wa parokia hapa Kamalondo, Lubumbashi, Kongo, kwenye mafunzo yangu ya usalama wa mtandao kwa wenye maduka na wauzaji wao. Nilipouliza mtu akikupigia na kukuomba tarakimu zilizoingia kwa SMS unafanyaje, mkono wa kwanza kunyanyuka ulikuwa wake. "Hutoi," alisema, kwa sauti iliyofika nyuma. Ukumbi ukampigia makofi.

Sasa alikuwa amezitoa.

## Asubuhi yenye wateja

Nilimpa kiti na maji, nikamwomba anisimulie polepole, saa kwa saa.

Mama mwenye duka alikuwa Dar es Salaam kufuata mzigo. Binti alibaki peke yake, na Jumamosi asubuhi duka la vitenge halina pumzi. Mteja mmoja alikuwa ametandaza pisi tatu za yadi sita juu ya meza, hajui achague ipi. Mwingine anadai chenji. Wa tatu amesimama mlangoni na mtoto mgongoni, anauliza bei kwa mbali. Simu ya duka ikalia.

Sauti ya mwanamume, tulivu, Kifaransa kizuri kilichochanganywa na Kiswahili cha hapa hapa. Akamwita "mama". Binti wa miaka ishirini na moja, kuitwa hivyo na mtu mzima, tena kwa upole, ni heshima isiyopita bure. Akataja jina la mwenye duka. Akasema anajua kwamba yuko safarini Dar. Akasema akaunti ya duka inahamishiwa kwenye huduma ya biashara, leo ndiyo siku ya mwisho, na mwenye duka mwenyewe ndiye aliyeelekeza apigiwe muuzaji wake.

"Balijua mpaka safari ya mama," aliniambia. "Mi nikasema, huyu mama njo alimutuma." Yaani, mama ndiye aliyemtuma.

Jina la mama limeandikwa kwa rangi nyekundu juu ya mlango wa duka. Safari yake ilikuwa kwenye status ya WhatsApp ya duka, pamoja na picha ya begi na maneno kwamba mzigo mpya unakuja. Yule mtu hakuhitaji kuvunja chochote ili ayajue hayo. Duka lenyewe lilikuwa limeyatangaza.

Tarakimu sita zikaingia. Akazisoma kwa Kifaransa, mbili mbili, namna mji mzima unavyosoma namba za simu. Mteja wa chenji alikuwa bado anagonga meza kwa kidole.

Wizi wa aina hii unatumia mlango wa kawaida kabisa. Mtu anaweka WhatsApp kwenye simu yake, anaandika namba yako, na WhatsApp inatuma tarakimu sita kwako ili kuhakikisha kwamba namba ni yako. Ukimsomea, umemhakikishia. Mazungumzo yako ya zamani hayaoni, kwa sababu yanabaki ndani ya simu yako. Lakini makundi yanaifuata namba. Duka lilikuwa na kundi la wateja zaidi ya mia moja, na lenyewe ndilo msimamizi. Jambo la kwanza alilofanya mwizi ni kuitoa kwenye kundi namba ya binafsi ya mama. La pili, akakaa akangoja.

Hakuhitaji hata kuanza yeye. Wateja ndio waliomwandikia: mzigo umefika? Akawajibu kwa adabu kwamba umeshavuka Tunduma, uko njiani kuja Kasumbalesa, anayetaka kuwekewa pisi nzuri atume nusu, na atume kwa namba hii nyingine kwa sababu akaunti ya duka imejaa. Wateja tisa walituma. Dola 720.

Yote haya ni ya kawaida. Wengi wenu mmeyasikia au yamewafika. Lililonikaa rohoni kwa wiki saba ni jibu la swali langu lililofuata. Nilimuuliza alijua lini kwamba ametapeliwa.

"Nusu saa. Hata nusu saa haikufika."

WhatsApp yenyewe ilimwandikia kwamba namba hii sasa imesajiliwa kwenye simu nyingine. Akaelewa pale pale. Akakumbuka benchi la pili, akakumbuka makofi. Akaizima simu, akairudisha chini ya meza, akaendelea kukunja vitenge.

Jumatatu akaiwasha, maana duka haliwezi kukaa bila simu. Mteja mmoja akapiga kwa njia ya kawaida: "Nimetuma, umepata?"

Akajibu: "Ndiyo, mama."

Alipofika hapo kwenye masimulizi ndipo alipolia.

## Dawa ilikuwa mkononi

Tulifanya kazi juu ya meza yangu, kwa mwanga wa taa ya betri. Tukaifungua WhatsApp upya, tukaandika namba ya duka, SMS ikaingia kwenye simu ile ile, tukaandika tarakimu. Mwizi akatoka.

Nataka kila mwenye duka anayesoma hapa aielewe hatua hiyo, kwa sababu wengi hudhani akaunti ikishachukuliwa imekwenda. Kadi ya simu ukiwa nayo, na SMS zinaingia, unaweza kuisajili tena namba yako, na ukishaandika zile tarakimu mpya, yule mwingine anatolewa. Kama ameweka namba ya siri ya hatua ya pili, ile inayoulizwa baada ya tarakimu za SMS, kama alivyofanya huyu, utasubiri siku saba kabla ya kuingia. Lakini hata katika siku hizo saba yeye hayumo. Hawezi kumwandikia mteja wako hata neno moja.

Haikuchukua dakika tano.

Nikachukua daftari, nikampigia kila mteja aliyetuma, mmoja mmoja, nikiuliza saa. Wa kwanza alituma Jumamosi saa nane mchana. Binti alikuwa amejua tangu kabla ya saa sita. Kama simu hii ingekuja kwangu saa sita, hata kwa kutumwa mtoto, wateja wote tisa wangebaki na pesa zao.

Nikamuuliza kwa nini hakunipigia. Namba yangu imeandikwa nyuma ya kikaratasi nilichomgawia kila mtu ukumbini.

"Nilisikia haya, yaya. We ulikuwa unajua kwamba mi najua."

## Saini

Mama alirudi Alhamisi. Aliponiita dukani nilidhani anataka tumalize ile habari ya siku saba. Nilimkuta amekaa juu ya kiti cha plastiki katikati ya mizigo ambayo haijafunguliwa, na mkononi ana karatasi. Ilikuwa karatasi yangu ya mahudhurio, ile nakala niliyoiacha kwa kila duka.

"Hii ni saini yake?"

Ni yake.

"Na muhuri huu ni wako?"

Ni wangu.

"Basi alijua. Mtu anayejua, akifanya, amekusudia."

Alitaka niandike barua kwamba muuzaji wake alifundishwa, alielewa, na alijibu maswali vizuri, ili aipeleke pamoja na malalamiko yake. Tuna Sheria ya Dijitali tangu Machi 13, 2023, na kuingia kwenye akaunti ya mtu bila ruhusa ni kosa ndani yake. Lakini mwizi hana uso, ana namba ya simu tu, na pesa zilikuwa zimeshatolewa kwa wakala. Mwenye uso katika kesi ile alikuwa binti peke yake. Na ushahidi dhidi yake ulikuwa na muhuri wangu.

Nilikubali saini. Neno "amekusudia" nilikataa kuliandika. Hatukuelewana, na niliondoka bila kunywa soda aliyokuwa amenifungulia.

Mama huyu si mtu mbaya. Amesomesha watoto watano kwa yadi za vitenge. Wateja wote tisa aliwafidia kwa kitambaa, na hakuna aliyelazimika kumwomba mara mbili. Lakini hasara akaigawa: nusu yake, nusu ya binti. Dola 360, zikatwe dola 30 kila mwezi kutoka mshahara wa dola 110. Mwaka mzima.

Karatasi ile niliitengeneza kwa sababu chama cha wafanyabiashara kiliomba uthibitisho kwamba mafunzo yamefanyika. Sikuwahi kufikiri kwamba inaweza kusomwa namna nyingine.

Usiku ule niliitafuta nakala yangu. Majina arobaini na mbili. Nikaanza kujiuliza ni wangapi kati ya hao nimewafungia mlango wa kusema "sikujua", bila kuwafungulia mlango mwingine wowote.

## Nilichokuwa nikifundisha

Mafunzo yangu niliyajenga juu ya kijitabu cha Kifaransa nilichopakua miaka michache iliyopita. Kilianza na WannaCry, kirusi cha kompyuta cha Mei 12, 2017: kompyuta zaidi ya laki mbili katika nchi zipatazo 150 zikafungwa kwa siku chache, hospitali za Uingereza zikarudisha wagonjwa nyumbani, na dawa ya tundu kilimopitia Microsoft ilikuwa imeitoa Machi, miezi miwili kabla. Niliisimulia vizuri. Watu walitikisa vichwa. Kisha tukaenda kwenye neno la siri refu, barua pepe zenye viambatanisho, na seva.

Mama wa vitenge hana seva. Barua pepe ya duka alifunguliwa na mpwa wake, na neno la siri alilisahau siku hiyo hiyo. Biashara yake yote imo ndani ya simu moja: M-Pesa, Airtel Money, WhatsApp, picha za mzigo, na daftari la madeni alilolipiga picha.

Hilo ni rahisi kurekebisha, na nimelirekebisha. Shaka yangu ilikuwa kubwa kuliko hiyo. Lile swali moja lililomhusu binti, nililifundisha. Tena nilifundisha vizuri. Alilijua jibu, akashindwa kulitumia mbele ya wateja watatu na sauti yenye heshima. Kama anayejua jibu anashindwa, ninawauzia watu nini?

Nikaanza kusoma usiku, umeme ukirudi. Nilitaka kuona kama wenzetu wenye pesa na wataalamu wamefaulu.

Chuo Kikuu cha California, San Diego, kina hospitali zake, na watafiti waliwafuatilia wafanyakazi zaidi ya 19,500 kwa miezi minane, wakiwatumia barua pepe za hadaa za majaribio mara kumi. Matokeo yalitoka mwaka 2025. Waliofundishwa waliwapita wasiofundishwa kwa asilimia 1.7 tu. Nikarudi nyuma, nikapata utafiti wa Zurich, Uswisi, wa mwaka 2021: kampuni moja, watu zaidi ya 14,000, miezi 15. Huko waliona kwamba yale mafunzo yanayomtokea mtu papo hapo baada ya kunasa hayakumkinga. Kuna dalili hata kwamba yalimwongezea kunasa tena, labda kwa kuwa alihisi kuna anayemlinda.

Nilifunga simu nikalala vibaya.

Utafiti ule wa Zurich ulikuwa na sehemu ya pili, na niliifikia siku iliyofuata. Wafanyakazi walikuwa wamepewa kitufe cha kutoa taarifa: ukiona barua unayoitilia shaka, bonyeza. Na walibonyeza. Taarifa za kwanza zilifika ndani ya dakika chache, nyingi zilikuwa sahihi, na watu hawakuchoka miezi ilivyozidi kwenda. Mtu mmoja mmoja alidanganyika kama kawaida. Wote kwa pamoja wakawa macho ya kampuni.

Najua hizo ni barua pepe za makampuni makubwa, na sisi hapa tunapigiwa simu katikati ya wateja. Lakini niliposoma habari ya kile kitufe nilimwona binti akiizima simu na kuirudisha chini ya meza. Yeye pia alikuwa ameona, ndani ya nusu saa. Alikuwa amefanya sehemu ngumu kuliko zote, ya kutambua. Kilichokosekana ni mahali pa kubonyeza ambapo hakatwi mshahara.

Tangu hapo nimeacha kujiuliza namna ya kumzuia mtu asikosee. Najiuliza kosa linachukua muda gani kufika kwa mtu anayeweza kulitengeneza, na nani analichelewesha.

## Wakubwa peke yao

Mwezi uliofuata niliwaita wenye maduka bila wauzaji wao. Walikuja wanane, jioni, baada ya kufunga. Sikuleta projekta. Niliwaomba jambo moja: kila mmoja arudi dukani, awakalishe vijana wake, na aseme kwa mdomo wake mwenyewe kwamba atakayetoa kode, yaani zile tarakimu za SMS, au kutuma pesa kimakosa, au kubonyeza kisichofaa, akija kusema ndani ya saa hiyo hatakatwa hata faranga moja.

Kimya.

Mzee mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi upande wa Kampemba akainua kofia yake, akakuna paji la uso kwa ukingo wake.

"Mwalimu, na kama mwenyewe njo mwizi? Anakula pesa na ndugu yake, kisha anakuja mbio: patron, nimetapeliwa. Mi nafanya nini, namwambia asante?"

Ni swali la haki, na sikuwa na jibu zima. Nilisema nilichokuwa nacho: kwamba anayekuja ndani ya dakika kumi anakuja na alama. Namba iliyopiga iko kwenye simu, SMS iko na saa yake, wateja wako kwenye daftari, unaweza kupiga na kuuliza. Anayekuja baada ya siku tatu, alama zimepoa, na hapo huwezi kumtenganisha mwizi na mwoga. Kwa hiyo mwenye duka anayewaadhibu wanaosema anawapa wezi mahali pa kujificha, katikati ya waoga.

Wawili walibisha mpaka mlinzi wa parokia akaja na funguo. Mwishoni watatu kati ya wanane walisema watajaribu. Mzee wa Kampemba hakuwamo.

Lakini alinisubiri nje, kwenye gari, na kuniambia nipande anipeleke. Hakuwasha injini. Akaniambia kwamba miaka miwili iliyopita alinunua kufuli na bawaba Guangzhou kwa msambazaji aliyefanya naye kazi muda mrefu. Ankara ikaja kwa barua pepe ya siku zote. Muhuri ule ule, saini ile ile, bei waliyokubaliana, hata kosa dogo la tahajia katika jina la duka lake, ambalo Mchina yule hulirudia kila mara. Kilichobadilika ni namba ya akaunti tu. Alituma dola 4,000. Mzigo haukuja. Alipopiga simu Guangzhou, wakamuuliza: utalipa lini?

"Hata mama watoto hajui," alisema. "Nilimwambia mzigo ulizama."

Nilimweleza kwamba aina hiyo hiyo ya wizi, mtu kuingia kwenye barua pepe ya biashara na kugeuza malipo, iliripotiwa kwa FBI huko Marekani mwaka 2023 kwa hasara ya zaidi ya dola bilioni 2.9, na hao ni waliojitokeza kusema. Alikaa kimya kidogo.

"Na hao walikuwa wasomi?"

Wengi, nikamwambia. Wahasibu, mameneja, wanasheria.

Akawasha gari. Tulipofika karibu na kwangu aliniuliza kinga yake ni nini, nikamwambia: akaunti ikibadilika, usijibu barua ile, chukua daftari lako la zamani, piga namba uliyokuwa nayo kabla, usikie sauti unayoijua. Akasema hilo angeweza kulifanya kwa dakika mbili. Akalirudia: dakika mbili.

Mpaka leo hajazungumza na vijana wake. Nimemuuliza mara moja, sitamuuliza tena kwa sasa.

## Mazoezi ya kusema

Sasa mafunzo yangu yanafanyika simu zikiwa mkononi. Kila mmoja anaingia kwenye mipangilio ya WhatsApp na kuweka namba ya siri ya hatua ya pili kabla sijasema neno jingine, ili hata tarakimu za SMS zikitoka, mwizi akute mlango wa pili. Tunafungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Mara mbili tayari tumekuta kompyuta isiyojulikana na mwenye simu. Tunajifunza kutoamini SMS ya "umepokea pesa" mpaka uangalie salio mwenyewe kwenye menyu. Habari ya flashi na virusi vyake naipitia upesi, kwa wenye sekretaria tu, yale maduka ya kuchapa na kutoa nakala.

Sehemu iliyobaki, ambayo ni karibu nusu ya muda, tunafanya mazoezi ya kusema. Wawili wawili, mmoja ni muuzaji, mwingine ni mwenye duka. Muuzaji anasema: "Nimekosea. Nimetoa kode. Sasa hivi." Maneno hayo tu. Mara ya kwanza wanacheka. Mara ya pili wanacheka kidogo. Mara ya tatu nimeona watu wazima wanashindwa. Kijana mmoja alisema "wamenidanganya", "walichukua", "ilitokea", akazunguka hivyo mara nne kabla ya kufika kwenye "nimetoa". Mwenye duka naye ana neno lake la kujifunza, na ni gumu vile vile: "Asante. Tumpigie nani?"

Hakuna karatasi ya kusaini. Nahesabu vichwa, nawapa chama idadi. Hawajaridhika, na tunaendelea kuzungumza.

Wiki mbili zilizopita, saa moja kasoro asubuhi, simu yangu ililia nikiwa napiga mswaki. Kijana wa depo ya unga, Katuba. Mwenye depo yake ni mmoja wa wale watatu.

"Yaya, nimetoa kode. Sasa hivi."

Sauti ilikuwa inatetemeka, lakini alikuwa ameyasema maneno yenyewe, kwa mpangilio wake. Namba ya hatua ya pili hawakuwa wameiweka. Simu ya depo ilikuwa kwa fundi siku ya mafunzo. Nikamwambia aisajili tena pale pale, asikate simu yangu, atumie ya mwenzake. Nilisikia akisoma tarakimu kwa kunong'ona, safari hii akijisomea mwenyewe. Mwizi akatoka. Toka apigiwe mpaka hapo, dakika kumi na moja.

Mteja mmoja alikuwa ameshatuma dola 15. Mwenye depo alifoka, nilimsikia mpaka kwenye simu. Kisha akazilipa zile 15 mwenyewe. Mshahara wa kijana haukuguswa. Nilihakikisha mwisho wa mwezi.

## Jumamosi iliyopita

Nilimpelekea mama wa vitenge habari hiyo. Sikumficha kwamba nimekuja kumwombea binti. Alinisikiliza mpaka mwisho, akipima kitambaa kwa mkono, kiwiko hadi ncha za vidole, kama anavyofanya siku zote hata akiwa na futi mezani. Akasema kwamba neno hilo ni zuri kwa atakayekosea kesho. La binti lilishapita.

Nikasema halijapita, linakatwa kila mwezi.

"Nitaona," akasema. Hakusema lini. Imekatwa mara mbili; imebaki mara kumi.

Lakini nilipokuwa natoka alimwita binti, akamwambia alete simu ya duka niiwekee ile namba ya hatua ya pili, kwa kuwa tulikuwa bado hatujaiweka. Binti akaileta. Nikafungua mipangilio, nikafika mahali panapoomba tarakimu sita, nikamrudishia simu na kumwambia achague yeye. Nisiione mimi, wala mtu mwingine, isipokuwa mama.

Akamtazama mama. Mama akatikisa kichwa kukubali.

Akageuka, mgongo kwetu, uso kwenye rafu za vitenge. Nami nikageukia mlango. Barabarani kijana alikuwa akisukuma baiskeli yenye magunia manne ya mkaa, na taksi mbili zilikuwa zimesimama nyuma yake zikimpigia honi. Nilimfuata kwa macho mpaka kwenye kona.

"Tayari, yaya."

Mama akanyoosha mkono, binti akainama akamnong'oneza.